Mjadala: Usaili wa kuingia chuo cha udaktari ufutwe?

Mtoa mada: Wadau, naweka hoja mezani. Mwombaji akishavuka kiwango cha masomo, kumweka nusu saa mbele ya jopo hakuongezi taarifa ya maana. Kunaongeza upendeleo tu. Mwaka 1979 bunge la Texas lilikilazimisha chuo cha udaktari cha Houston kupandisha nafasi kutoka 150 hadi 200, wakati udahili umeshafungwa. Waliobaki bila chuo walikuwa wale wa mkiani kwenye orodha ya usaili, nafasi ya 700 hadi 800. Wakachukuliwa 50. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa kwanza wa kazi hospitalini, hawakupishana na wenzao kwa lolote la kutajika. Sasa lile jopo lilikuwa linapima nini?

Pima Mara Mbili: Mkuu, mfano ni wa kweli ila umeukata kipande. Hao 800 walioitwa kwenye usaili walikuwa wameshachujwa kwa alama na fomu. Kwa hiyo Houston inatuambia kwamba ndani ya kundi lililokwisha kuchujwa, usaili wa kizamani haukutofautisha watu. Haituambii kwamba usaili wa kila aina ni bure.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilijaribu kitu kingine: usaili wa vituo. Mwombaji anazunguka vituo kama 10. Mlangoni anasoma swali kwa dakika 2, anaingia, ana dakika 8, kengele inalia, anahamia kingine. Kila kituo kina msaili wake, na msaili huyo hajui alama zako za darasani wala ulivyofanya kituo kilichopita. Sababu ya kuvifanya vingi ni hii: mtu yuleyule hung'ara kwenye swali moja na kuvurunda kwenye jingine. Wasaili watano wakikusikiliza kwenye swali moja, wote wamekuona siku moja, jambo moja. Wagawe kwenye vituo vitano, bahati ya swali na chuki au mapenzi ya msaili mmoja vinapungua uzito.

Mtoa mada: Na mwenye hela ya kulipia mafunzo ya usaili anazunguka hivyo vituo kama yuko sebuleni kwao.

Bi. Kalamu: Kaka, mafunzo mengi ya kulipia ndiyo yanayowaponza. Jibu la kukariri msaili analijua ndani ya sekunde 20, kwa sababu halijibu swali lililoulizwa. Chukua kituo hiki: mwanafunzi mwenzako anakuomba umsainie mahudhurio ya zamu ya wodini ambayo hakuja. Aliyekariri anaanza na nguzo nne za maadili ya tiba kama anasoma risala, dakika 3 zimekwenda na hajamgusa mwenzake wala mgonjwa. Anayepata alama huuliza kwanza kwa nini hakuja (ugonjwa? msiba? uvivu?), anasema wazi kwamba hatasaini, anaeleza rekodi ya uongo inamdhuru nani, kisha anamwelekeza kwa msimamizi. Halafu anataja jambo ambalo lingebadili uamuzi wake. Hicho cha mwisho wengi hukisahau.

Kituo chenye mwigizaji anayejifanya mgonjwa au ndugu yake kina mtego wake. Waombaji humgeukia msaili na kumweleza ambavyo wangemfariji mama anayelia, ilhali mama mwenyewe kakaa mbele yao. Zungumza na mama. Na ukimya wa sekunde 5 baada ya habari mbaya haukatwi alama.

Kura Yangu: Mbona Uholanzi hamjaitaja? Kuanzia miaka ya 1970 nafasi za udaktari kule ziligawiwa kwa kura ya bahati nasibu yenye uzito: wastani mkubwa, nafasi kubwa zaidi ya kuchomoka. Hakuna usaili, hakuna barua ya sifa.

Pima Mara Mbili: Ikaleta zogo pia. Mwaka 1996 mwombaji mwenye wastani wa 9.6 kati ya 10 alikosa kura kwa mara ya tatu, nchi ikachemka. Baadaye wenye wastani wa 8 kwenda juu wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Kura ikafutwa mwaka 2017, na mwaka 2023 sheria ikairuhusu tena.

Kura Yangu: Kurudishwa kwake ndiyo hoja yangu. Walijaribu kuchagua kwa mikono, wakaona mikono nayo ina upande.

Mzee wa Takwimu: Wanaotaka alama peke yake nao wasome karatasi vizuri. MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari Marekani, ina sehemu 4, kila moja kuanzia 118 hadi 132, jumla 472 hadi 528. Wenye mtihani wenyewe wanaitolea jumla hiyo ukingo wa pointi 2 juu na 2 chini. Maana yake 510 isomwe kama popote kati ya 508 na 512. Ukimkata wa 509 na kumchukua wa 511, umepiga kura bila kuitangaza. Afadhali iliyotangazwa.

Bi. Kalamu: Tena tunabishania usaili wakati wengi hawafiki huko, fomu inawamaliza. Uingereza dirisha la udaktari hufungwa katikati ya Oktoba, miezi mitatu kabla ya kozi nyingi nyingine, na kati ya machaguo 5 ni 4 tu yanayoruhusiwa kuwa ya udaktari. Maelezo binafsi sasa ni maswali matatu, herufi 4,000 kwa jumla, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Watu humaliza 1,500 wakieleza walivyopenda sayansi tangu utotoni. Andika ulichokiona kazini na kilichokubadilisha mawazo. Mwalimu wa kukuandikia barua mpe taarifa wiki 6 kabla, siyo siku 6. Jina kwenye cheti na kwenye pasi lifanane hadi herufi. Kila chuo kina masomo yake ya lazima, na kemia pungufu haiokolewi na usaili mzuri.

Mtoa mada: Nimekusoma, dada. Basi narekebisha hoja: usaili wa jopo moja ufutwe, vituo vibaki vikiwa 8 au zaidi, msaili aandike alama kabla ya kuongea na mwenzake, na wanaofungana mpakani wapigiwe kura ya bahati nasibu hadharani.

Mzee wa Takwimu: Mpaka utauweka upana gani? Sema namba.

Mtoa mada: Upana uleule wa ukingo wa mtihani. Pointi 2 huku, 2 huku.