Naomba ushauri: golden retriever wetu anauma

Wandugu, tuko Goma, huku Himbi, na tuna golden retriever dume wa miezi 10. Mbwa hawa walizalishwa Uskoti waokote ndege waliopigwa risasi bila kuwatoboa, basi kila mtu ananiambia "hao hawaumi". Huyu anauma. Akiwa na mfupa anakakamaa, anatazama kwa pembeni, halafu anarukia mkono. Juzi alimtoboa mtoto wa dada kidole. Chanjo ya kichaa anayo. Hata hivyo tulikiosha kidonda kwa sabuni na kwenda kituo cha afya.

Muuzaji alimtoa kwa mama akiwa na wiki 5, na mama mwenyewe hatukuonyeshwa. Je, ukali huu ni wa damu, ama ni kukosa kuchezacheza na ndugu zake? Nimuhasi? Jirani anataka ampande jike lake, nimekataa kwanza. Nani amefaulu kumfunza mbwa aachie mfupa bila fimbo?