MJADALA: Sekondari za kata Mtwara na Lindi zipimwe kwa ufaulu peke yake?

Wadau, habari zenu. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hoja ni ileile: halmashauri zitoe orodha ya sekondari za kata, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, mzazi ajue pa kumhamishia mwanawe. Wenye hoja hii wanasema tangu NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, iache kutangaza shule kumi bora, kuanzia matokeo ya 2022, mzazi hana pa kushika.

Mzazi ana haki ya kujua, hilo silipingi hata kidogo. Ninachokataa ni kupanga shule kwa asilimia ya ufaulu tu, maana asilimia ile inahesabu waliokaa kwenye chumba cha mtihani. Walioishia njiani hawamo.

Chukulia shule mbili, kila moja imepokea watoto 120 kidato cha kwanza. Ya kwanza wamefanya mtihani 60, wakafaulu 54. Ya pili wamefanya 110, wakafaulu 88. Kwa orodha mnayoitaka, ya kwanza ina asilimia 90 na inapigiwa makofi. Ya pili ina 80 na mkuu wake anaitwa kujieleza. Wakati ni yeye aliyetoa watoto 34 zaidi wenye vyeti!

Na sote tunajua wanavyoishia njiani huku kwetu. Minada ya korosho inafunguliwa Oktoba, mtihani wa taifa ni Novemba. Mtoto wa Tandahimba au Newala anaanzia shambani kuokota korosho, shuleni anafika amechoka, siku nyingine hafiki kabisa. Shule ikiwa mbali na kijiji, anapanga geto. Ada ilifutwa 2016, lakini kodi ya geto haikufutwa. Ingieni humo mwone: godoro chini, sufuria moja, unga wa muhogo aliotoka nao nyumbani Jumapili, na hakuna mtu mzima wa kumuuliza amekula nini wala amerudi saa ngapi. Anayeishi hivyo ni binti wa miaka 15. Akipata mimba, lawama zote ni zake.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Novemba 2021 serikali iliruhusu mabinti waliojifungua warudi darasani. Mwalimu mkuu anayewafuata vijijini na kuwarudisha anajua kabisa wamepitwa na vipindi vingi, na huenda wakamshushia ufaulu. Orodha yenu inamfundisha asiwafuate. Inamfundisha pia asimsumbukie mtoro wa kidato cha tatu, maana asipokuwepo hatafeli.

Kuzilinganisha shule hizi na Ilboru au Kibaha, zinazochaguliwa vinara wa darasa la saba, hilo naliacha. Ni kuwaonea walimu.

Mimi nasema hivi: idadi ya walioingia kidato cha kwanza na idadi ya waliofanya mtihani wa kidato cha nne zibandikwe pamoja na ufaulu, kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Kumbukumbu hizo shule inazo, hazihitaji bajeti. Mnaotetea orodha ya ufaulu, hasa wazazi wa Newala, Ruangwa na Nachingwea, nijibuni: kati ya zile shule mbili hapo juu, mwanao ungempeleka ipi, na kwa nini?