Tupeane uzoefu: ulimuonaje mwanasiasa aliyetoka madarakani akarudi kuomba urais?

Habari zenu wadau. Naomba tupeane uzoefu, hasa nyie mliowahi kumfanyia kampeni, kumpigia kura au kumpinga mtu aliyewahi kushika madaraka makubwa, akatoka, halafu akarudi kugombea urais.

Majina makubwa tunayajua. Lula alimaliza mihula miwili Brazil mwishoni mwa 2010, akafungwa 2018, akashinda tena 2022. Trump alishindwa 2020 akarudi 2024, jambo ambalo kabla yake kwa Marekani alilifanya Grover Cleveland peke yake, mwaka 1892. Mahama wa Ghana aliangushwa 2016, akaanguka tena 2020, akashinda Desemba 2024. Ninachokitaka hapa ni yale aliyoyaona mtu wa chini, aliyekuwa anabeba spika na kugawa karatasi.

Naanza mimi. Niliwahi kuwa kwenye timu ya mgombea wa namna hii, na kazi yangu ilikuwa kukusanya maswali ya wananchi kabla ya mkutano. Watu waliandika kwenye vipande vya karatasi, wengine nyuma ya vipeperushi vyetu wenyewe. Maneno yalitofautiana lakini swali lilikuwa moja: uliyotuahidi ulipokuwa madarakani yalikwamia wapi? Nikayapeleka. Wakubwa wa timu wakayachambua palepale mezani, yale ya "yalikwamia wapi" wakayaweka kando, wakampelekea yale ya "ukiingia utatufanyia nini". Akapanda jukwaani akahutubia kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaingia kwenye siasa. Makofi yalikuwepo, lakini hotuba ilipoisha niliwaona walioandika yale maswali bado wamesimama, wanasubiri kujibiwa.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: anayerudi ana deni la maelezo ambalo mgombea mgeni hana, na asipolilipa mapema litamfuata hadi kwenye sanduku la kura. Karibuni.

Wakala wa zamani:
Mkuu umegusa penyewe. Mimi nilikuwa naratibu mawakala wa vituo. Watu hudhani anayerudi anakuta mtandao wake umekaa tayari unamsubiri. Tulikabidhiwa daftari la waratibu wa uchaguzi wake wa nyuma nikaanza kupiga simu. Namba nyingine hazipatikani. Wengine wameshafariki, inapokea familia. Wengine wamehamia chama kingine na hawafichi. Mmoja alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema: "Mliposhindwa mlizima simu. Sisi tulibaki na kesi, tukawatafuta hatukuwapata. Leo mna shida ndiyo mnatukumbuka?"

Sikuwa na la kumjibu, maana alichosema ni kweli tupu. Na hasara yake mnaijua: kituo kisicho na wakala hakikupi nakala ya fomu ya matokeo. Ukitaka kulalamika mahakamani unakwenda na nini mkononi?

Mpiga kura:
Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Nimewahi kumpigia kura mtu aliyerudi na wala sikuwa shabiki wake. Nilichoka na aliyekuwepo. Bei zimepanda, kazi hakuna, na kila ukiuliza unaambiwa vumilia. Kwa hiyo yale maelezo unayoyadai mwanzisha mada, mimi sikuyangoja.

Tazameni Malawi. Ushindi wa Mutharika wa 2019 ulifutwa na mahakama Februari 2020, uchaguzi ukarudiwa Juni akaangushwa na Chakwera. Septemba 2025, akiwa na miaka 85, akamshinda Chakwera huyohuyo kwa zaidi ya asilimia 56. Uhaba wa mafuta na mfumuko wa bei ndivyo vilivyomfanyia kampeni kuliko jukwaa lolote.

Mwanzisha mada:
Nakuelewa kabisa mkuu, na sikulaumu. Hasira inaweza kumrudisha mtu ikulu. Ila akishaingia, wewe uliyempa kura bila kumuuliza unabaki na kipi cha kumbana nacho? Ratsiraka wa Madagascar aliangushwa 1993 baada ya miaka mingi madarakani, akarudishwa na kura za mwisho wa 1996. Uchaguzi wa Desemba 2001 ukazaa mgogoro uliokaribia kuipasua nchi, na 2002 akakimbilia Ufaransa. Kwa upande mwingine kuna Kérékou wa Benin. Alishindwa na Soglo 1991 akakabidhi nchi, akakaa nje, 1996 akamshinda Soglo huyohuyo, na muda wake ulipoisha 2006 akaondoka. Mimi kitu cha kwanza ninachokiangalia siku hizi ni aliondokaje mara ya kwanza.

Mwanasheria:
Kwangu ni upande wa sheria kidogo. Niliombwa maoni na watu waliokuwa wanataka mzee wao arudi, na swali lao lilikuwa hili: aliingia madarakani kumalizia kipindi cha mtangulizi aliyefariki, je, kile kipande kinahesabiwa kuwa muhula? Nikawaambia majibu hutofautiana nchi na nchi, someni katiba kabla ya kuchapisha mabango. Zambia walifika nalo mahakamani. Lungu aliingia Januari 2015 kumalizia kipindi cha Sata, akachaguliwa 2016, akashindwa 2021, akatangaza kurudi 2023 na marupurupu ya ustaafu akayapoteza. Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ikasema ameshamaliza mihula miwili.

Chile wao wanakataza kuunganisha mihula tu, ndiyo maana Bachelet na Piñera walipokezana kuanzia 2006 hadi 2022. Marekani, tangu 1951, ukichaguliwa mara mbili basi, hata kama uliruka katikati.

Mjumbe wa mkutano mkuu:
Mbona hamuwataji waliokuwa wanasubiri zamu? Nilikuwa mjumbe, na tulikuwa na kijana wetu. Alikuwa amezunguka matawi yote, anawajua makatibu kwa majina, na kura za awali zilimbeba. Usiku wa kuamkia mkutano, magari yakaanza kuingia kwenye nyumba ya wageni tulikofikia. Asubuhi wenzangu waliokuwa wamevaa fulana zake walikuwa wamezivua. Yule mkubwa alisimama, akapita kwa kishindo, na kijana wetu akaambiwa asome hotuba ya kumuunga mkono. Aliisoma yote, mikono inatetemeka.

Mifano ipo ya wazi. 2015 Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu 2008, alikatwa CCM akapokelewa Chadema akawa mgombea wao. Alipata karibu asilimia 40, si kitu kidogo. Lakini Dk. Slaa, aliyekuwa katibu mkuu na mgombea wao wa 2010, alijiweka pembeni, na 2019 Lowassa mwenyewe akarudi CCM. Chama kinachomkaribisha mkubwa kijiulize kitabaki na nani siku akiondoka. Hili linaniuma hadi leo, sitaki kulificha.

Mwanzisha mada:
Pole sana mjumbe. Wakala, naomba nikuulize: yule mratibu aliyewalaumu mliishia naye wapi?

Wakala wa zamani:
Alirudi, ila kwa sharti. Alisema hataki pesa wala fulana, anataka mgombea mwenyewe ampigie simu na aulizie ile kesi. Nilibishana sana na watu wa ofisini mpaka wakakubali. Mgombea akapiga, wakaongea kirefu, akaomba msamaha. Kituo chake kilikuwa na wakala tangu kufunguliwa hadi matokeo yalipobandikwa ukutani. Baada yake wengine nao wakaanza kudai simu kama ile, lakini tulikuwa tumebakiza wiki moja tu na wengi hawakupigiwa.