Kisu cha kukunja: cha zamani ni bora kweli au ni mapenzi tu?

Baharia wa Malindi
Asalaam aleikum wana pwani. Leo siasa wekeni kando, nataka tubishane kuhusu kisu. Mimi ni mtu wa boti za uvuvi wa wageni hapa Malindi na miaka ile mgeni mmoja akienda zake aliniachia kisu cha kukunja, Sebenza 21. Kwa wasiojua, ni kisu cha Chris Reeve, huyu bwana asili yake Afrika Kusini, 1989 akahamia Boise, Idaho, huko Marekani na mpaka leo karakana iko huko. Hiyo 21 ilitoka 2008, baadae ikaja 25, halafu mwisho wa 2019 ikatoka 31. Mpya inapita dola 400, elfu hamsini na kitu za kwetu, na msinitukane sikuinunua mimi.

Sasa juzi kaja mgeni mwengine na 31 mpya kabisa mfukoni, tukaviweka vyote viwili juu ya kifuniko cha boksi la barafu tunangoja sulisuli (hakuja hata mmoja siku hio, bahari ilikuwa kama imelala). Yeye mwenye kipya ndio anatamani changu! Anasema wakusanyaji huko kwao wanavitafuta vya zamani kwa udi na uvumba manake kipya "wamekiharibu". Nkamuuliza wameharibu nini, akaninyoshea kidole kigoroli.

Iko hivi. Kisu hichi komeo lake ni mpini wenyewe, ule ubavu mmoja wa titaniamu umekatwa ukaachwa ulimi, ukifungua kisu ulimi unajisukuma ndani unakaa nyuma ya ubapa na hapo hakikunjiki mpaka uusukume na dole gumba. Reeve ndie aliyeleta komeo la namna hii na leo kila mtu anamuiga. Kwa changu titaniamu inagusa chuma moja kwa moja, kwa 31 wametia kigoroli cha kauri kwenye ncha ya ulimi, hicho ndicho kinachogusa. Klipu nayo wameipinda kidogo isikalie ule ulimi. Basi, hayo ndio makosa yenyewe wanayolilia watu.

Mimi nasema hao wanaolia hawajawahi kukata chambo. Changu kikikaukia maji ya chumvi komeo linanata, yaani nasukuma na dole gumba mpaka kucha inaniuma, nikiwa na mafuta ya samaki mkononi ndio balaa kabisa. Cha yule mgeni ka! kinafunguka kinafungika kama mlango wa friji. Mnaonaje?

Fundi Mashua, Langoni Lamu
Mwanangu mimi visu vya dola sivijui lakini neno lako la kwamba anaependa cha zamani hajui kazi hilo nalikataa. Mimi drili ya betri ninayo, mtoto alininunulia, na naitumia kwa kazi ya haraka. Lakini tundu la msumari wa mashua natoboa na keekee ya uta, kwa sababu keekee ikifika penye fundo la mti mkono unasikia unapunguza, drili haikwambii kitu utastukia ubao umepasuka na ubao wenyewe bei unaijua. Sasa mimi nakusanya vitu vya kale au nafanya kazi? Nijibu hilo alafu uniambie, hicho kisu chako kikilegea unakifungua mwenyewe?

Baharia wa Malindi
Shikamoo ami. Hapo umenikamata na ndipo cha zamani nakipa haki yake. Nakifungua mwenyewe, kinauzwa na kispana chake cha pembe sita ndani ya boksi, mwenye kampuni anataka ukifungue ukisafishe. Katikati ya ekseli, pale ubapa unapozungukia ukikunja, pana kibomba kidogo cha chuma na washa mbili za shaba zenye vitobo vya kushika grisi, unakaza skrubu mpaka mwisho na kisu bado kinakunjika laini, huna haja ya kukisia-kisia robo mzunguko. Nimekifungua mara nyingi hata sihesabu, mchanga wa Mayungu ulishaingia humo. Ile 25 iliyofuata kile kibomba walikitoa na watu walilalamika, na hapo walikuwa na haki wallahi.

Mama wa Samaki
Elfu hamsini? Kwa kisu? Mimi changu nilinunua sokoni mia mbili, nimekinoa mpaka kimekuwa chembamba kama sindano na nguru nampasua mgongo mara moja. Endeleeni tu.

Kijana wa Muyeye
😂😂 mama kamaliza mjadala. Ila kaka Baharia hujagusa chuma, na kwetu hapa chuma ndio stori yote, kigoroli ni cha kupiga domo tu. Hizo Sebenza za mwanzo ubapa wake ulikuwa chuma aina ya ATS-34, ikaja BG-42, ikaja S30V ambayo Reeve mwenyewe alishiriki kuifikiria pamoja na watu wa kiwanda cha chuma cha Crucible, baadae S35VN, S45VN, na sasa MagnaCut ya yule mtaalamu wa chuma Larrin Thomas, iliyotoka 2021. Mkusanyaji anaililia BG-42 kwa sababu yeye kisu chake kinalala kwenye droo yenye kitambaa. Ilete ATS-34 hapa ilale usiku mmoja kwenye boti na maji ya chumvi juu yake, asubuhi utakuta vidoa vya kahawia karibu na ekseli.

Baharia wa Malindi
Kweli kabisa. Changu ni S30V, kutu si nyingi lakini kunoa ni adhabu, jiwe la nyumbani linateleza tu juu yake kama unapaka siagi. Na mtu akitaka cha bahari bahari kweli wala asihangaike na Sebenza, atafute visu vya kampuni ya Spyderco vilivyokuwa vikitengenezwa kwa chuma cha H1, chuma kile kimetiwa naitrojeni badala ya kaboni nyingi na kutu haikiwezi.

Abu wa Mombasa
Wacheni kuwaonea wakusanyaji. Mimi nauza saa za mkono za zamani na ni mambo yale yale, mtu halipii makali, analipia kwamba havitengenezwi tena. Kampuni ikibadilisha chochote, hata kikiwa bora mara mbili, ile ya jana inapanda bei siku hio hio. Mteja wangu akinambia ya kale ni imara zaidi sibishani nae, nachukua pesa.

Fundi Mashua, Langoni Lamu
Nyie hamjauliza jina. Nilipokuwa baharia kwenye meli nilikaa Durban miezi, Wazulu kusebenza kwao ni kufanya kazi. Kisu jina lake Fanya Kazi, alafu watu wanakifungia kabatini!

Baharia wa Malindi
😂😂 Ami hio nitamwambia yule mgeni, anarudi mwezi ujao. Alitaka tubadilishane, kipya chake kwa kikuukuu changu, na mimi kwa hesabu yangu mwenyewe ningekubali, kigoroli nakitaka na hicho chuma nakitaka zaidi. Lakini kila nikikishika naona mpini umekwaruzwa pale pale penye dole gumba langu na nashindwa kusema ndio. Abu usicheke. Alafu kuna shida nyengine, kile kispana kiliniponyoka kikaanguka majini jumatatu nikisafisha, kuna fundi yeyote Malindi mwenye saizi ndogo za pembe sita, zile za inchi si za milimita?