Naomba ushauri: bunduki ya geji 12 au 20 kwa bata mwitu?

Habari zenu wakuu. Niko Minnesota, Marekani, msimu wangu wa pili kuwinda bata. Natumia bunduki ya geji 20 ya kuazima (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; 12 ni pana kuliko 20), risasi za inchi 3, marisau (punje ndogo ndani ya risasi) ya chuma namba 4; namba ikipungua, punje huwa kubwa zaidi (marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku Marekani nzima kwa ndege wa majini tangu 1991). Jumamosi nilimpiga bata kwenye kama yadi 40. Manyoya yakapeperuka, mwenyewe akajikokota hadi kwenye matete, hatukumpata. Iliniuma. Nikajaribu namba 2, punje zikawa chache, nikawa nakosa kabisa.

Je, nihamie geji 12, au nibaki na 20 nisubiri wasogee hadi yadi 30? Na wenye geji 12, mnatumia namba 2 au 3? Bega langu nalo si la chuma kuvumilia teke la geji 12, jamani.