Ushauri: masters ya uhandisi wa mazingira, Cornell au Nelson Mandela Arusha?

Mfereji: Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza uhandisi wa umwagiliaji SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro) kwa GPA ya 3.6, sasa niko kwenye mradi wa visima Arumeru, Arusha. Maji ya huku yana madini ya floraidi mengi. Watoto meno yamekuwa ya kahawia, wengine miguu imepinda. Nataka masters itakayonipa uwezo wa kulishughulikia hili. Nimevutiwa na MEng (masters ya uhandisi) ya uhandisi wa kibaiolojia na mazingira pale Cornell, Marekani. Pesa sina, na sitaki mzee auze shamba. Nawasilisha.

Kisima Kirefu: Mkuu, anza na nani analipa. MEng ya pale ni ya kukuandaa kwa kazi, si ya utafiti, krediti 30, na kwa kawaida ada ni juu yako. MS (masters ya sayansi) na PhD ndizo za utafiti, na huko ndiko hupatikana kazi za usaidizi wa utafiti au ufundishaji zinazobeba ada na posho. Nafasi hizo zinamtegemea profesa mwenye mradi, kwa hiyo soma makala zake, mwandikie, ndipo ujaze fomu. Na GPA usiigeuze mwenyewe. Yetu kiwango cha juu ni 5, yao ni 4. Andika kama ilivyo kwenye transkripti na utaje kwamba ni "upper second" (daraja la pili la juu).

Dada wa Moro: Mdogo wangu, mimi ningeanzia Nelson Mandela, chuo cha sayansi na teknolojia kilichopo Arusha. Tatizo unalolisoma liko hapohapo mkoani. Dkt. Askwar Hilonga wa chuo hicho alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa kichujio chake cha maji. Ngurdoto nako kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo unafanya kazi, ila unachoka, yaani baada ya muda haunasi tena floraidi. Nani atajua umechoka, nani ataubadilisha kijijini, kwa hela ya nani? Hapo kuna tasnifu nzima, na PhD ya nje ukiitaka baadaye utaiomba ukiwa na data zako mkononi.

Mfereji: Asante sana dada. Sasa profesa nimwandikie nini?

Dada wa Moro: Ukurasa mmoja tu. Kisima kipi, umepima lini, floraidi miligramu ngapi kwa lita ukilinganisha na kikomo cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani (WHO), na swali moja unalotaka kulijibu. Vyeti ambatisha.