Wameng'oa saiti mira na swichi za vioo vya IST yangu. Nifanye nini kabla hawajarudi kuchukua gari zima?

MamaNesi_Tabata:

Wakuu habari za leo.

Nimepanga huku Tabata, uwanja wetu hauna geti, na gari langu Toyota IST linalala nje karibu na ukuta wa jirani. Alfajiri natoka niwahi zamu, nakuta saiti mira zote mbili hakuna, waya zinaning'inia. Kioo cha mlango wa nyuma kimevunjwa, na swichi za vioo za upande wa dereva zimeng'olewa na kibao chake. Redio ipo. Begi la nguo lipo. Hawa walijua wanachokifuata.

Kituoni nimeripoti. Kisha nikaenda mjini kuulizia spea. Kijana mmoja akaniuliza gari langu rangi gani, nikamwambia, akasema nisubiri kama saa moja ataniletea saiti mira za rangi hiyohiyo, kila kitu chake. Nilisimama pale nikawaza, hizo si zangu kweli? Sikununua, moyo umegoma kabisa.

Gari nimelipata kwa mkopo wa SACCOS na bado nakatwa kwenye mshahara. Bima niliyo nayo ni bima ndogo. Nina hofu kwamba walikuja kupima tu, na safari ijayo wataondoka na gari. Naombeni ushauri wa kitu ninachoweza kukifanya kweli kwa mshahara wa nesi.

Kibopa wa Segerea:

Pole sana dada. Funga alamu yenye honi kali, yangu huwa inaamsha mtaa mzima.

Fundi Umeme wa Magari:

Pole mama. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari, na magari ya namna hii yanaletwa kwangu kila mara. Alamu si mbaya, lakini usiitegemee peke yake. Mtaani ikilia usiku watu wanageuka upande wa pili wanalala, kwa sababu hata paka akiruka juu ya boneti inalia.

Ninachotaka ukielewe ni hiki: mwizi wa gari anafanya kazi na muda. Akikaa dakika mbili tatu kwenye gari na haliwaki, anaondoka. Kwa hiyo kila unachofunga, jiulize kinamwongezea muda gani.

Anza leo, bila hela. Fungua boneti, kuna kisanduku cheusi cha fyuzi. Nyuma ya mfuniko wake kumechorwa ramani. Kwenye Toyota nyingi utaona fyuzi imeandikwa EFI. Ichomoe, ingia nayo ndani. Injini haitawaka bila hiyo. Asubuhi unairudisha. Ukiirudisha, injini inaweza kutetemeka kidogo gari likiwa limesimama, kwa sababu kompyuta inajifunza upya, usiogope.

Hiyo ni ya kukuvusha tu. Dawa yenyewe ni swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa haya madogo ya miaka ya nyuma, hayana chipu kwenye ufunguo, ile inayofanya gari likatae ufunguo usio wake. Akishavunja silinda ya swichi ya kuwashia, bisibisi inatosha. Swichi ya siri ndiyo inayoziba hilo pengo. Wapo wanaokata njia ya stata, ile mota inayoizungusha injini iwake. Inasaidia, maana gari la otomatiki huwezi kulisukuma likawaka, lakini anayejua anafungua boneti na kuigusanisha stata palepale. Ukikata pampu, hata akiwasha, injini inameza mafuta yaliyobaki kwenye bomba kisha inazima.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana ndipo watu wanapoharibiwa magari. Fundi atumie rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo wa pampu, asipitishe umeme wote wa pampu kwenye kiswichi kidogo cha redio. Maungio yachomelewe kwa risasi na kuvikwa mpira, asisokote waya na kuzungushia selotepu. Nimefungua magari nikakuta waya umeungua hadi plastiki imeyeyuka, na mwenye gari alikuwa anazimikiwa barabarani haelewi kwa nini. Waya zilizovikwa rangi ya njano asiziguse, nyingi ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali. Na swichi isiwekwe chini ya usukani, hapo ndipo mkono wa mwizi unapoanzia. Chagua mahali wewe mwenyewe, kaa na fundi mpaka amalize, na vijana wa kuosha magari wasikuone ukiibonyeza.

Saiti mira mpya zikifika, chora namba ya gari kwenye kioo chake, kwenye taa na kwenye vioo vyote, kisha zipigwe ribiti. Kitu chenye namba ya mtu kinauzika kwa shida. Ulivyokataa kununua kwa yule kijana umefanya la maana sana. Kila anayekubali "subiri saa moja" ndiye anayemtuma mtu akavue gari la mwingine. Na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai.

Bima_na_Haki:

Naongezea upande wangu, nimefanya kazi ya madai ya bima. Mama, bima ndogo inalipa madhara unayomfanyia mtu mwingine, gari lako likiibwa hupati kitu. Mwakani kaulizie bima kubwa, na kabla ya kusaini uliza vifaa vikiibwa vyenyewe, kama saiti mira na taa, vinalipwa au la, na wewe unachangia kiasi gani. Gari likiibwa wataomba ripoti ya polisi na funguo zote mbili. Ufunguo wa akiba ukiupoteza toa taarifa mapema, usisubiri siku ya madai. Kadi ya gari isilale kwenye dashibodi, mwizi akiipata halisi anauza kirahisi. Beba nakala. Namba ya chesisi na ya injini ziandike na uzipige picha.

Mdau_London:

Wenye magari mapya ya smart key, ufunguo ambao gari linautambua bila kuuchomeka, msijione salama. Huku mwaka 2022 mtafiti wa usalama wa magari Ian Tabor aliibiwa RAV4 yake. Kabla ya hapo alikuta bampa limevutwa na waya wa taa ya mbele umechomolewa, akadhani ni uharibifu wa mtaani. Kumbe kupitia waya za taa wezi wanafika kwenye mtandao wa kompyuta za gari na kuliambia ufunguo upo. Kifaa wanachotumia kilifichwa ndani ya spika ndogo ya bluetooth. Taa au bampa la mbele likiguswaguswa, chukulia ni dalili. Ufunguo wa smart usiku uweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko lizuie mawimbi yake, usiuning'inize karibu na mlango.

MamaNesi_Tabata:

Asanteni sana, mmenipa nguvu. Fyuzi nimeiona, imeandikwa hivyohivyo EFI, nimeingia nayo ndani. Na mjumbe amekubali tuzungumze na wapangaji na majirani tuchangie taa ya nje na mlinzi mmoja.

Fundi, swali moja. Huwa natoka zamu usiku wa manane. Nikisimamishwa njiani na watu wenye silaha, hiyo swichi si itaniponza?

Fundi Umeme wa Magari:

Swali zuri sana. Ukiwa unaendesha swichi umeshaiwasha, pampu inapata umeme na gari linatembea kama kawaida. Wakikusimamisha wape ufunguo, shuka, nyoosha mikono, ondoka upande wao. Usiizime swichi wakati huo hata ukiwa na nafasi, maana gari likizima mita chache mbele watarudi kukutafuta wewe. Kwa uporaji wa namna hiyo kinachosaidia ni kifaa cha GPS chenye betri yake ya ndani, kilichofichwa mbali na betri ya gari. Hakikisha laini yake ina bando. Ukishafika pa usalama piga 112, uwape mahali gari lilipo, usilifuate mwenyewe.